Siku sita Kusini tukifuata mabibo: Lindi, Nachingwea, Newala mpaka Mtwara (Novemba 2024)

Nimerudi Dar wiki tatu sasa na daftari langu bado lina madoa ya bibo, yale hayatoki. Watu kadhaa waliniomba niandike hii safari kwa hiyo naiandika siku kwa siku kama ilivyo kwenye daftari, picha za kwenye simu zinanisaidia kukumbuka muda.

Kwa wasionijua, nipo kwenye mfuko mdogo wa uwekezaji hapa mjini, tunaweka hela kwenye startapu, yaani kampuni changa, za chakula, zile zinazopambana chakula kiwe salama, kiwe na lishe na kisiue ardhi, na sisi tunachukua hisa. Safari hii tulikuwa tunaenda kuikagua kampuni changa ya Newala inayokausha mabibo kwa jua. Nilikuwa na mwenzangu wa ofisini, kijana wa Moshi ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji. Mimi mama yangu ni Mmakonde wa Newala, nimekua naona mabibo yanaoza chini ya mikorosho kila mwaka tukienda likizo, nzi wamejaa, harufu mpaka ndani ya nyumba, kwa hiyo hili jambo lipo moyoni mwangu kabla sijajua hata hisa ni nini.

Bibo ni lile tunda jekundu au la njano ambalo korosho inaning'inia kwa chini. Tunda lina uzito mara tano mpaka kumi ya korosho yake, na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Brazil wanatengeneza juisi inauzwa madukani kama sisi tunavyouza ya embe. Huku kwetu korosho inachomolewa inaenda ghalani, tunda linabaki chini.

Jumatano 13 Novemba: Dar mpaka Lindi

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbagala, nauli 35,000 kila mtu. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, tukavuka Daraja la Mkapa jua limeshachomoza. Kaeni upande wa kulia mkienda Kusini asubuhi, upande wa kushoto jua litawachoma mpaka saa sita.

Njiani mwenzangu akawa ananisomea habari za Bowery, kampuni ya Marekani iliyokuwa inalima mboga za majani ndani ya maghala kwa taa, ilikuwa imefunga mwezi huo huo wa Novemba 2024. Mwaka 2021 ilithaminiwa dola bilioni 2.3. Mwaka 2023 AeroFarms na AppHarvest, nazo za Marekani za kulima ndani, zilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Kwenye kazi yetu hizi sio habari za mbali, 2021 hela zilizoingia duniani kwenye teknolojia ya chakula na kilimo zilipita dola bilioni 50, 2023 zikashuka mpaka kama bilioni 16, na hela zikikauka kule juu huku chini tunaambiwa tuchague kampuni "zinazokua haraka". Nikawa najiuliza mkorosho unakuaje haraka.

Somanga tulikaa saa moja na dakika arobaini. Kile kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano 2024 kilikata barabara maeneo haya, mafundi walikuwa bado kazini na magari yalikuwa yanapishana kwa zamu. Abiria wote tukashuka, samaki wa kukaanga 4,000 na muhogo wa buku, nimekula nimesimama, samaki wa moto kabisa. Mama muuzaji alipoona mwenzangu anahangaika na miiba akamchambulia samaki mzima kwenye karatasi bila kuombwa, anamwambia "kula mwanangu, safari bado."

Lindi tumefika saa tisa na nusu. Gesti karibu na stendi 25,000, feni inafanya kazi, maji ya ndoo. Jioni tumetembea ufukweni, tukalala mapema.

Alhamisi 14 Novemba: Lindi, Masasi, Nachingwea

Noah mpaka Mnazi Mmoja, basi dogo mpaka Masasi kupitia Mtama na Ndanda, kutoka Masasi vumbi mpaka Nachingwea. Bebeni kitambaa cha kufunika pua na hela ndogondogo, msimu wa korosho mawakala wa simu wanaishiwa salio mapema sana, mimi nilizunguka kwa mawakala wanne ndo nikapata 100,000.

Nachingwea tulienda kuonana na kikundi cha wakulima wa karanga waliokuwa wametuandikia wanataka mashine ya kupimia sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye chakula. Hili ni jambo la kweli kabisa, sumukuvu huioni, huinusi na ukipika haiondoki, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Lakini tulipokaa nao chini ya mwembe tukagundua wanaanika karanga kwenye udongo kwa sababu hawana maturubai. Mashine itawaambia karanga zina sumu, turubai litazuia sumu isiingie. Tukaandika maturubai.

Halafu ikaja sehemu ambayo sitaisahau. Mzee mmoja pale, nikamsalimia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akauliza tumetoka wapi na tunafanya nini. Nikamwambia tunatafuta kampuni za chakula za kuwekea mtaji. Akanyamaza kidogo, akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya barabara, akasema "Waingereza nao walikuja na mtaji. Wa karanga hizi hizi."

Kwa wasiojua, mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, wakaamua walime karanga Tanganyika kwenye eka zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta mpaka matrekta yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara ya kina kirefu na reli ya kutoka Mtwara kuja Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, karanga hazing'oki. 1951 wakaacha, pauni milioni 36 hivi zimezama. Reli ikaja kung'olewa miaka ya sitini mwanzoni. Babu anasema baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki, na baba yake alijua ardhi ipi inatoa karanga na ipi haitoi, "ila hawakumuuliza, alikuwa wa visiki."

Usiku gesti 20,000. Mwenzangu aliandika hayo maneno ya babu kwenye kompyuta juu kabisa ya ripoti yetu, na hajayafuta mpaka leo.

Ijumaa 15 Novemba: kwenda Newala

Siku nzima barabarani, Nachingwea kurudi Masasi halafu kupanda Newala, tumechoka. Kitu kimoja tu, mkifika Newala nendeni Shimo la Mungu jioni, unasimama ukingoni mwa uwanda na bonde la Ruvuma lote liko chini yako, ng'ambo kule ni Msumbiji.

Tulifikia kwa mjomba wangu. Ugali wa makopa, kisamvu cha karanga, mbaazi za nazi. Kwenye mbaazi mjomba akakumbusha 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje na bei huku ikaporomoka mpaka watu wakaacha kuvuna. "Njomba, mnunuzi akiwa mmoja wewe sio muuzaji," akaniambia mimi mwanamke hivyo hivyo njomba, ndo lugha ya nyumbani.

Jumamosi 16 Novemba: kijijini, siku ya bibo

Bodaboda 5,000 kila mtu, tumeondoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu bibo linaokotwa asubuhi kabla jua halijalipasha. Vaeni nguo mnazoweza kuzitupa, utomvu wa bibo ukikauka kwenye kitambaa ndo basi tena.

Kampuni ni ya kijana mmoja aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, akarudi kwao. Ana makaushio matatu, kila moja ni kama handaki la nailoni ngumu lenye urefu wa hatua kumi na nane, ndani kuna trei za nyavu, kwa chini kitambaa cheusi kinachoshika joto na feni ndogo ya sola inayosukuma hewa. Anayafanyia kazi na kikundi cha wanawake ishirini na sita. Mwenyekiti wao ni mama wa makamo, hapotezi maneno.

Nikamwambia mama naomba nifanye kazi na nyie leo, sio kuangalia. Akanipa ndoo.

Unaokota, unachagua, lililopasuka unaweka pembeni. Unachomoa korosho kwa kuzungusha, sio kuvuta, ukivuta tunda linachanika na juisi yote inamwagika. Unaosha. Halafu yanafukizwa kwa mvuke dakika chache ili kupunguza ule ukakasi, ule unaokamata ulimi na koo, ni tanini, na mtu wa mjini akionja bibo lenye ukakasi mara moja harudi tena. Yanakatwa vipande vyembamba vya duara, yanapangwa kwenye trei bila kugusana.

Tulipima wote pamoja kwenye mizani ya kuning'iniza. Kilo 100 za mabibo, baada ya kuchagua zikabaki 88. Na kwenye trei za juzi zilizokuwa zimekauka, kilo mia za aina hiyo hiyo zilitoa kilo 11 na robo. Ukitoa zilizotupwa wakati wa kuchagua, zilizobaki karibu zote ni maji yaliyopaa. Niliziangalia zile kilo kumi na moja kwenye gunia moja dogo na rundo la mabibo pembeni lenye urefu wa kiuno changu, nikaelewa kwa nini hakuna lori linaloweza kubeba bibo bichi kwenda Dar na likalipa.

Mabibo wanayanunua 150 kwa kilo. Lakini kwenye daftari la mama kulikuwa na mstari ambao haukuwepo kwenye ripoti yoyote tuliyoletewa ofisini, maji. Uwanda wa Makonde hauna visima vya karibu, siku bomba halitoi dumu ni 500, na kuosha na kufukiza kilo mia kunakula madumu sita. Yaani maji yanafika 3,000 wakati mabibo yenyewe ni 15,000. Kijana alikuwa anajua, ila fomu yetu ya maombi haikuwa na sehemu ya kuyaandika. Fomu yetu iliuliza una watumiaji wangapi kwenye programu ya simu.

Mchana tukala chini ya mkorosho na nikamuuliza mama swali nililokuja nalo, mnataka nini zaidi, makaushio mengine? Akasema:

"Mwanangu, korosho inalala ghalani. Bibo halilali. Leo likianguka, leo liokotwe, kesho lishakuwa pombe. Sasa huyu kijana asubuhi ana hela, ikifika saa nane hela imeisha, wanawake wanabaki na ndoo zao. Mpika gongo anakuja jioni na hela mkononi. Utamwambia nini mtu ana mtoto wa shule?"

Niliandika neno kwa neno. Mshindani wa hii kampuni, ambaye hatukumuona kwenye karatasi zetu zote, ni mpika gongo mwenye elfu thelathini taslimu.

Na ina sehemu ya pili. Korosho ya mkulima inaenda chama cha msingi, inaenda ghala kuu, inasubiri mnada, halafu anasubiri hela iingie benki. Bei msimu huo wa 2024 ilikuwa nzuri sana, minada ilifika zaidi ya 4,000 kwa kilo, lakini siku za kusubiri ndo siku ambazo nyumba haina kitu, na hapo ndo kangomba anapoingia, ananunua korosho gizani kwa bei ya kutupa kwa sababu tu analipa papo hapo. Wanawake watatu waliniambia kwa nyakati tofauti kwamba mwaka huu hawajauza hata kisado kwa kangomba, hela ya mabibo ya kila siku ndo imewashikilia mpaka mnada ukalipa. Ofisini tulikuwa tunaiita hii kampuni ya lishe na kupunguza upotevu wa chakula, ni sawa, lakini kwa wanawake hawa kwanza ni kampuni ya hela ya jioni.

Jumapili 17 Novemba: mvua

Mpango ulikuwa kuondoka asubuhi. Usiku wa manane ikaanza mvua, mapema kuliko walivyotegemea, na asubuhi mawingu yametanda. Tukarudi kijijini. Trei tulizopanga jana kwa mikono yetu zilikuwa zimelowa jasho, vipande vinateleza kama samaki. Ilipofika jioni vilishaanza kunuka chachu. Kilo 88 zote zikamwagwa. Mama mmoja alikuwa anazimwaga polepole trei moja moja, hakuna aliyesema kitu, na mimi nilishindwa kupiga picha.

Mwenzangu akauliza kwa nini wasiwashe moto kwa maganda ya korosho, yako bure kwenye viwanda vya kubangulia. Mama akamshika mkono akampeleka kwa bibi aliyebangua korosho maisha yake yote, akamwonyesha vidole. Ngozi ya ncha za vidole imebabuka, imekuwa nyeusi, alama za vidole hazipo. Yale mafuta ya ganda yanaunguza, na moshi wake ni mkali, huwezi kuupitisha kwenye chakula cha mtu. Kijana yeye alikuwa na mchoro wake tayari, tanuru la matofali lenye bomba la bati linalopita chini ya trei, moshi unatokea nje kwa dohani haugusi tunda, na kuni ni matawi yanayopogolewa kwenye mikorosho kila mwaka ambayo sasa hivi yanachomwa moto shambani bure. Gharama yake kwa kaushio moja, 1,900,000. Alishatuandikia kwenye maombi yake ukurasa wa kumi na moja, na sisi hatukufika ukurasa wa kumi na moja. Nilimuomba radhi mbele ya wote.

Tulikaa mpaka usiku na taa ya simu tunapiga hesabu. Nikamweleza Nnaemeka Ikegwuonu wa Nigeria na ColdHubs yake, vyumba vya baridi vya sola sokoni ambapo mkulima halipii chumba, analipia kreti moja kwa siku. Kijana akashika hapo hapo, akasema basi na kaushio lilipiwe kwa trei, kikundi chochote kije na mabibo yao, mihogo yao, hata maembe, msimu wa mabibo ukiisha nailoni isikae inapigwa jua bure miezi tisa.

Jumatatu 18 Novemba: Mtwara

Basi la Newala kupitia Tandahimba na Nanyamba, 12,000. Tulishuka Naliendele, kwenye kituo cha utafiti ambacho ndo nyumbani kwa mbegu nyingi za korosho, karanga na ufuta za nchi hii, tukapata kuongea na mtaalamu kuhusu mikorosho ipi inatoa tunda tamu lisilo na ukakasi mwingi. Hiyo peke yake ilistahili safari, maana wote tunachagua mkorosho kwa korosho yake, tunda hakuna anayeliangalia.

Mjini malori ya korosho yamepanga foleni kuelekea bandarini, magunia kwa magunia, karibu yote ghafi, yanaenda kubanguliwa Vietnam na India. Bandari ile ile ya karanga. Jioni pweza pale feri, kijiti 500, na usiku gesti ya Shangani 30,000, bei ya juu kuliko zote ila nilihitaji kuoga maji yanayotiririka.

Kurudi Dar siku ya pili yake hakuna cha kusimulia, masaa kumi na moja kwenye basi. Jumla mtu mmoja nimetumia kama 390,000 na zawadi za nyumbani humo humo.

Baada ya kurudi

Mfuko wetu umepangiwa kuishi miaka kumi tu, unatakiwa uingie, ukuze, uuze hisa utoke. Nilisimama mbele ya kamati tarehe 26 nikasema hapa tusichukue hisa. Kampuni inayofanya kazi wiki kumi kwa mwaka ukiilazimisha ikue mara kumi ndani ya miaka mitano utaiua, au itaacha wanawake ishirini na sita itafute kitu kingine cha kukuza. Nikaomba mkopo unaorudi kwa asilimia ya mauzo, mwaka wa mauzo mabaya unarudi kidogo. Milioni 18 za kununulia mabibo kila siku taslimu, matanuru matatu, tenki la kuvuna maji ya mvua. Mabishano yalichukua saa tatu, mjumbe mmoja akasema huo sio uwekezaji wetu, ni biashara ya benki, nikamjibu benki imeshamkataa kijana mara mbili kwa sababu bibo sio dhamana. Mwenzangu akasoma maneno ya babu wa Nachingwea. Wamepitisha nusu, milioni 9, na tanuru moja. Maturubai ya Nachingwea tumechangishana wenyewe ofisini, yameshafika.

Hiyo nusu imetumwa tarehe 29. Msimu umebaki wiki chache, na kijana amesema atanunua kwa siku tatu za wiki badala ya saba ili hela isikatike saa nane.

Leo asubuhi mama mwenyekiti kanitumia picha ya daftari. Tarehe 6/12, mvua, moto umewashwa saa tatu usiku. Kilo 96 zimeingia, 10.5 zimetoka. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: maji madumu 0, tumekinga.